Picha ya Tatu Katika Makala ya Baba

Free Area, Nakuru.
Jumanne, 12 Mei.

Kwako Dada Cate,

Kabla sijakuuliza hali, acha nilitoe hili kwanza, maana nikianza na salamu nitajificha nyuma yake hadi karatasi iishe. Kwa miaka minane nimekuwa nikimdanganya Baba kuhusu picha moja. Sijamwambia mtu yeyote, si Tata Jackie, si rafiki wa shule, wala mchungaji. Wewe ndiwe wa kwanza. Sasa kwa kuwa nimelisema, naweza kukusalimu inavyotakiwa.

U hali gani, dada yangu? Je, mvua imelituliza vumbi la Longonot, au bado unafuta madawati kila asubuhi kabla watoto hawajaingia? Kikohozi chako kimeisha? Sisi huku tuko salama. Tata Jackie anakusalimu na, kama shangazi yeyote, anasema umekonda kwenye picha uliyotuma Pasaka. Anataka kujua kama huko mnapika au mnashiba kwa kuangalia mlima. Baba naye yuko imara nyumbani Subukia. Binamu Thuo bado anaishi naye, na ng'ombe amezaa ndama jike. Baba alimpapasa ndama kuanzia masikio hadi mkia, akasema huyu ni mrefu kuliko mama yake. Thuo alibisha hadi walipochukua kamba wakapima. Baba ndiye aliyekuwa sahihi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati sote tuna simu. Kwenye simu naandika nafuta, naandika nafuta, mwishowe nakutumia "Sasa" peke yake. Karatasi hainipi nafasi hiyo. Tena kuna kitu nataka unitumie, nami nitakitaja mbele.

Unajua kwamba tangu Februari nina kazi ya muda katika ofisi ya jarida la kilimo la chuo kimoja hapa mjini. Nilikuambia ninachapa. Kuchapa ni sehemu tu. Jarida lenyewe liko kwenye mtandao, na kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mtu asiyeona anaweza kulisoma kwa programu inayosema kwa sauti yale yaliyo kwenye skrini. Kuna pia wasioweza kushika kipanya, wanaoupita ukurasa mzima kwa vitufe viwili vya kompyuta. Mhariri wetu ni Bwana Ogada, mzee mpole anayependa tai nyekundu. Yeye husema jarida letu lilikuwa kama duka lililoandikwa "Karibuni wote" huku mlangoni pana ngazi kumi na mteja yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Anayenifundisha ni Cheptoo. Ana miaka ishirini na sita, haoni tangu alipozaliwa, na amesomea uchumi wa kilimo. Shahada yake aliipata kwa kubembeleza wenzake wamsomee. Kompyuta yake huongea mbio kama mpiga mnada wa ng'ombe, naye husikiliza kwa sikio moja huku sikio la pili likifuatilia umbea wa ofisini. Makala haiendi mtandaoni mpaka yeye aipitishe.

Siku yangu ya kwanza aliniambia nifumbe macho nisikilize makala kuhusu mbuzi wa maziwa. Ukurasa ulikuwa na safu mbili, lakini hakuna aliyekuwa ameionyesha programu ianzie wapi, kwa hiyo ikawa inasoma moja kwa moja kutoka safu hii hadi ile. Tukasikia kwamba mbuzi walishukuriwa kwa ushauri wao wa kitaalamu, na kwamba profesa fulani alilishwa majani mara mbili kwa siku akaongezeka kilo tatu. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kisha programu ikafika penye michoro, ikasema: "Picha. Picha. Picha." Basi. Cheptoo hakucheka. Alisema hapo ndipo alipofungiwa nje kwa miaka minne. Mwenye macho anapita anaona, yeye anaambiwa "picha" kama mtoto anayeambiwa anyamaze wakubwa wakiongea. Ndipo akanipa sheria yake. Nimwambie kile anachokipata mwenye macho, nisimwongezee, nisimpunguzie. Huruma, akasema, niiweke kwenye chai.

Dada, nilipofumba macho siku ile sikubaki na wale mbuzi. Nilirudi barazani kwetu, Jumapili baada ya kanisa, wakati kahawa ya jirani ilipokuwa imechanua na harufu yake imejaa uani. Wewe ulikuwa shule ya bweni miaka ile, kwa hiyo hukuyaona haya. Baba anakaa kwenye kile kiti chenye ngozi ya kondoo. Mimi nakaa kwenye ngazi, nimevua viatu vya kanisani, na mapajani nina lile jarida lenye jalada la kijani lililofifia na duara la kikombe cha chai. Ndani yake mna makala kuhusu mnyauko wa viazi huko Kuresoi, ile aliyoandika na wenzake alipokuwa afisa wa kilimo na sisi tulikuwa tukiishi kule. Jina lake ni la pili kati ya matatu, lakini siku zote amesema "makala yangu", na nani wa kumkatalia?

Nilimsomea ile makala mara nyingi mno. Nilipokwama kwenye neno refu la Kiingereza alinivusha taratibu, silabi kwa silabi. Unanijua nilivyo. Darasani nilikuwa nikiulizwa swali naangalia meza mpaka mwalimu anachoka na kumwendea mwingine. Lakini pale ngazini sauti yangu ilitoka bila kuombwa. Baba hakuweza kuniona, na nadhani ndiyo sababu sikumwonea haya. Wakati mwingine huwaza kwamba huo ndio uliokuwa utoto wangu wote, ngazi moja ya saruji yenye joto la jua na Baba akisema, "Rudia hapo, Mugure, rudia hizo asilimia."

Sasa nifike kwenye uongo wenyewe. Jumapili ya kwanza niliyomsomea, hatukuwa tumemaliza mwezi tangu tumzike Mama. Nilikuwa na miaka kumi. Unakumbuka Tata Jackie alivyoshusha picha zote za Mama ukutani, hata ile ya harusi, akazifungia kwenye sanduku la kahawia chini ya kitanda? Alisema kidonda hakikwaruzwi, na kwamba Baba, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa mwaka huohuo, presha ingempanda. Wewe ukapewa ufunguo kwa kuwa ndiwe kifungua mimba. Mimi nikapewa onyo. Kila mama wa kanisa aliyekuja na unga au sukari aliniinamia akaninong'oneza nisimkumbushe baba yangu.

Basi nilikuwa nasoma, nikafungua ukurasa wa sita, na hapo alikuwa amesimama Mama. Picha ya tatu. Yuko shambani Kuresoi, ameshika kiazi kilichokatwa katika kila mkono, anacheka. Chini pameandikwa tu kwamba ni mkulima akionyesha viazi. Sikuwahi kujua kwamba yumo mle. Nilinyamaza, Baba akaniuliza kuna nini kwenye picha ya tatu. Nikawasikia wale akina mama wote masikioni. Nikasema, "Viazi, Baba." Akasema haya, endelea.

Tangu hapo, kila tulipofika ukurasa wa sita, aliuliza. Kila alipouliza, nilijibu viazi. Mwanzoni nilidhani amesahau jibu. Baadaye nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyouliza kama mlango umefungwa huku akijua umefungwa. Nilipofika kidato cha pili nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba nimekosea, lakini mtu anaanzaje? Kwamba viazi vya miaka minne iliyopita vilikuwa Mama?

Mwezi wa Machi Bwana Ogada alitangaza kwamba tutashughulikia makala za miaka mitano iliyopita peke yake. Zile za zamani zitabaki zilivyo, kurasa zilizopigwa picha zikatiwa mtandaoni, ambazo programu haioni ndani yake hata herufi moja. Alisema wazee nao wapumzike. Nilijua makala ya Baba imo humo. Unakumbuka ulipomnunulia ile simu inayosoma? Siku ya kwanza kabisa aliniomba niitafute makala yake. Simu ikasema "Picha" mara kumi na moja, kurasa zote kumi na moja. Akairudisha mfukoni, akasema labda mtandao wa Subukia ni dhaifu.

Ilinichukua siku tatu kumkabili mhariri. Siku ya nne niliandika kikaratasi nikakiacha mezani kwake nikakimbia. Akakisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, "Naomba makala moja ya zamani," akauliza kama nimekuja kuagiza chipsi. Cheptoo akamwambia kutoka kwenye kona yake, "Mzee, huyu akiongea mara moja kwa mwezi, si umpe tu anachotaka?" Nikapewa, lakini kwa sharti. Nikiimaliza kabla ya mwisho wa Aprili na Cheptoo akaipitisha bila kasoro, ataipeleka kwenye kamati iwe mfano, ili makala zote za zamani zifunguliwe. Ikianguka, hakuna atakayeligusa tena jambo hilo.

Nilichapa upya kurasa zote kumi na moja. Majedwali manne niliyapanga ili anayesikiliza ajue kila nambari ni ya safu gani. Picha ya kwanza na ya pili, ramani na mchoro wa mimea, nilizieleza vizuri. Nilipofika ya tatu nikaandika neno moja. Ndiyo, dada. Vidole vyenyewe viliandika: viazi.

Cheptoo alisimamisha kompyuta pale pale. Aliuliza, "Viazi? Aki Mugure, hawa watu walitumia nusu ukurasa kunionyesha viazi? Viazi si ningeenda sokoni nikavishika!" Akairudisha.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikaandika upya bila kupumua. Tunaandika kwa Kiingereza, lakini nitakuwekea kwa maneno yetu. Niliandika kwamba mama mmoja mrembo amesimama kwenye udongo mweusi baada ya mvua, amejifunga kitambaa cha kichwa cha buluu, anacheka na mtu anayempenda, na meno yake ya mbele yana mwanya mdogo. Niliendelea hivyo mistari kumi na miwili. Cheptoo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu kwamba mimi mwenyewe nilimwambia kwenye picha ya kwanza kuwa jarida lile lote ni jeusi na jeupe. Sasa hiyo buluu nimeitoa wapi? Tena katika mistari yote kumi na miwili hajasikia viazi vina nini, na yeye alitaka kujua ugonjwa unavyoonekana. Aliniuliza huyo mama ni nani. Nikaangalia meza, kama darasani. Akasukuma kikombe chake cha chai mpaka kikagusa mkono wangu, akasema niandike tena.

Mara ya tatu niliandika hivi: "Mwanamke amesimama shambani akitabasamu, ameshika nusu ya kiazi katika kila mkono. Nusu iliyo mkono wa kulia ni nyeupe yote. Iliyo mkono wa kushoto ina pete nyeusi karibu na ganda, na ute unatoka kwenye macho ya kiazi." Cheptoo akaipitisha. Nilimtazama Mama kwenye skrini nikaona kwamba hatimaye nimesema ukweli, na ukweli umetosha kwenye mistari mitatu. Kamati nayo ikakubali. Makala za zamani zinafunguliwa, dada, miaka yote kumi na tisa, na nimeongezewa muda hadi Desemba.

Jumamosi iliyopita nilienda nyumbani. Jumapili, baada ya kanisa, nilimkalisha Baba barazani nikamwonyesha makala ilipo, kisha nikakaa ngazini mikono mitupu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa pale bila kusoma. Simu ikaanza na jina la makala, kisha majina matatu. Ilipotamka "Kuresoi" kama mtu anayepiga chafya, Baba alicheka, lakini ilipotaja jina lake alivua kofia. Aliirudisha nyuma akalisikiliza tena. Kisha akawa anaenda mwenyewe, anaruka kwenye jedwali analotaka, anarudi kwenye asilimia zake bila kumwomba mtu. Nilifurahi, na ndani ya furaha hiyo palikuwa na kitu kingine kidogo kilichouma, maana nilijua sitaambiwa tena nirudie hapo.

Simu ikafika picha ya tatu. Akaisikiliza mara moja. Akaisikiliza mara ya pili na ya tatu. Akaiweka simu juu ya goti.

Alisema, "Mugure, mwanamke huyo ni mama yako."

Akaniambia kwamba picha ile aliipiga yeye mwenyewe. Kila Jumapili aliponiuliza kuna nini, alikuwa anajua kilichopo. Alikuwa anasubiri nimwone. Na kila niliposema viazi, alisema moyoni kwamba mtoto alikuwa mdogo, sura ya mama yake imemtoka, hamtambui tena hata akiwa mbele ya macho yake. Ndiyo maana hakuzungumza nami juu ya Mama miaka hii yote. Hakutaka kunilazimisha kumlilia mtu nisiyemkumbuka. Kisha, Cate, akaniomba msamaha. Baba aliniomba mimi msamaha kwa kuwa hakunisaidia kukumbuka. Akaanza kunieleza Mama pole pole, kama mtu anavyomweleza mgeni. Kwamba alikuwa na mwanya. Kwamba siku ile alikuwa amefunga kitambaa cha buluu.

Nami nilifanya nini? Nilisema, "Ndiyo, Baba." Nikainuka nikaenda kuangalia maziwa jikoni, na hakukuwa na maziwa jikoni.

Niliporudi alikuwa bado anafikiria. Alisema walioandika maelezo yale wamefanya kazi nzuri sana, ila wameacha mkono. Nikamuuliza mkono gani. Akasema upande wa chini, kushoto, kuna mkono wa mtoto umeshika sketi. Aliniambia kwamba ni wangu. Nilikuwa na miaka miwili na nilikataa kuachia, kwa hiyo wakapiga picha hivyo hivyo.

Miaka minane nimeitazama picha ile, na siku zote nilidhani pale ni kunjo la sketi na doa la chai. Jana asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufika ofisini, niliikuza kwenye skrini. Ni vidole vinne. Nikaongeza sentensi moja: "Mkono wa mtoto mdogo umeshika sketi ya mwanamke huyo." Cheptoo alipoisikia akaguna, "Ehe! Sasa mtoto naye ametokea wapi?" Nikamwambia alikuwepo tangu mwanzo. Nilisema kwa sauti ya kusikika, hata Bwana Ogada akageuka. Cheptoo akaipitisha.

Dada yangu, ombi langu ni hili. Nitumie ufunguo wa sanduku la kahawia. Uutie kwenye bahasha umpe mtu wa vifurushi pale stendi, aandike jina langu, siyo la Tata. Jumapili ya tarehe ishirini na nne nitaenda Subukia. Nitalivuta sanduku hadi barazani, nitatoa picha moja moja, na nitamweleza Baba kila iliyomo, bila kuongeza wala kupunguza. Nitaanza na ile ya tatu, ya kwenye makala. Nitamwambia kwamba sikumsahau Mama hata Jumapili moja, kwamba nilijua kitambaa ni cha buluu kabla hajaniambia. Naogopa atakavyonyamaza. Lakini naogopa zaidi aendelee kuamini alivyoamini.

Nisalimie watoto wa darasa lako, na yule mama wa nyumba anayekukopesha sufuria. Ule vizuri, maana Tata atakuja kukukagua. Ukipiga simu nyumbani kabla ya tarehe hiyo, ongea na Baba mambo ya ndama na mvua tu. Tafadhali, Cate, usimdokezee neno, wala usimweleze Tata ufunguo umeenda wapi. Nitunzie siri hii kwa hizi Jumapili mbili, kwa kuwa anayestahili kuisikia ni Baba, naye lazima aisikie kwa sauti yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Mugure